Maswali Niliyojibu kwa Jina la Mwanangu

Uvumi ule ulinikuta nimeshika foronya. Aliyeuleta ni mwenzangu wa meza ya pili, tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Tunafanya kazi kwa dobi mkubwa, tunanyoosha shuka za hoteli na za hospitali. Mimi napiga pasi, yeye anakunja, na mvuke ukishajaa chumbani hakuna cha kufanya ila kusikilizana.

"Mama Sisimizi," akasema, "mwanao si yuko darasa la nne?"

"Yuko."

"Basi jikaze. Vile vishikwambi walivyoletewa si vya kufundishia, ni vya kuchujia. Vinahesabu makosa ya kila mtoto. Muhula ukiisha, kumi wa mwisho wanarudishwa darasa la tatu. Hakuna kikao, hakuna barua. Unapata meseji, basi."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu wenye watoto. Mimi nakupa nilichosikia, ukitaka risiti nenda dukani."

Nilicheka. Halafu nikanyoosha shuka moja mara mbili, na ya tatu nikaiunguza ukingoni. Jioni nilipokuwa nakoroga chungu maneno yale yalikuwa yananizunguka kama nzi: kumi wa mwisho, kumi wa mwisho.

Nieleze kwa nini. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba, na kufika huko nilirudishwa mara moja, kutoka la tano kwenda la nne. Asubuhi hiyo naikumbuka mpaka leo. Nilikaa na watoto walionifika begani, magoti yangu yakagonga meza, na mwalimu akaniita "dada mkubwa" darasa zima likacheka. Binti yangu ana miaka kumi. Tunamwita Sisimizi kwa sababu hatulii: anakula amesimama, anasoma akizunguka meza, akisuka nywele anahesabu kwa sauti. Nilikuwa tayari kufanya lolote asikae kwenye meza ya magoti kugonga. Na lolote ndilo nililofanya.

Mambo ya vishikwambi yalikuwa hivi. Darasani viko kumi, watoto wanapokezana. Kazi ya nyumbani mtoto anaifanya kwenye simu ya mzazi: unafungua programu ya shule, unaweka namba yake ya siri, maswali yanakuja. Akipata, linalofuata linakuwa gumu zaidi. Akikosa, linakuja rahisi. Anapanda ngazi au anashuka, na kila Ijumaa mzazi anatumiwa ripoti yenye rangi, kijani, njano au nyekundu. Mwalimu wa darasa alitueleza kwenye mkutano, polepole, kama mtu anayemvusha kipofu barabara.

"Mtoto afanye mwenyewe," alisema. "Mzazi kaa pembeni. Akikosea muacheni akosee, hilo kosa ndilo ninalolitafuta mimi."

Nilisikia kwa masikio haya mawili, na nikatikisa kichwa kukubali.

Ijumaa iliyotangulia uvumi, Sisimizi alikuwa ngazi ya tisa, rangi ya njano. Kabla ya maneno ya Redio nilikuwa nimeridhika. Baada ya hapo nikaanza kujiuliza: tisa kati ya ngapi? Njano ni nzuri, au ni nyekundu inayokuja taratibu?

Nikaona niulize. Kwenye kundi la wazazi la simu nikaandika: "Nimesikia kumi wa mwisho watarudishwa darasa la tatu. Ni kweli jamani?" Nikaweka simu mezani. Ikaanza kutetemeka mpaka ikasogea yenyewe kwenye kikombe. Mmoja anasema ndiyo alivyosikia hata yeye, mwingine anasema ni kumi na tano, mwingine ametuma picha ya maua na heri ya wiki njema. Baba mmoja akaandika kwamba wakimrudisha wake, atakuja naye akae naye hapo hapo darasani. Jibu la mtu anayejua halikuwepo.

Siku mbili baadaye Redio akanisogezea simu yake juu ya shuka. "Soma. Ulikuwa unabisha."

Ilikuwa meseji imezunguka sijui wapi na wapi. Imeandikwa: "Mzazi wa shule hiyo amethibitisha: nimesikia kumi wa mwisho watarudishwa darasa la tatu." Yalikuwa maneno yangu, yametoka kwangu yakazurura mtaani yakarudi yamevaa suti. Niliyatambua. Na bado, wallahi, niliogopa kuliko mara ya kwanza.

Jioni ile mwalimu aliandika kwenye kundi: "Habari hizo si za kweli. Mwenye swali aje shuleni." Halafu akalifunga kundi, akawa anaandika yeye peke yake. Mtu mwenye akili timamu angelala usingizi. Mimi nikawaza, sasa angekubali vipi? Hakuna anayekuchuja halafu akakuonyesha chujio.

Kesho yake, saa saba ya mapumziko, nilijificha nyuma ya marobota ya shuka chafu, nikafungua programu ya shule. Namba ya siri ya mwanangu nilikuwa nayo, imebandikwa nyuma ya daftari lake. Nikaiweka. Kikatokea kikaragosi kinapunga mkono: karibu tena, na jina la mwanangu.

Nikajiambia, namsogeza kidogo tu. Kama unavyomsukuma mtoto kwenye baiskeli.

Siku za kwanza zilikuwa za kuzidisha na kugawanya. Kuzidisha nakujua, nimehesabu foronya maisha yangu yote. Nilipanda mpaka ngazi ya kumi. Kikaragosi kikapiga makofi, na mimi nyuma ya marobota nikatabasamu kama mjinga. Redio akauliza nimepata mchumba kwenye simu. Nikamwambia ndiyo, ni mtu wa hesabu.

Halafu zikaja sehemu. Nusu kujumlisha theluthi. Nikaona jambo rahisi: moja na moja ni mbili, mbili na tatu ni tano. Mbili juu, tano chini. Kikaragosi kikainamisha kichwa. Likaja lingine la aina ile ile, nikafanya vile vile, kichwa kikainama tena. Nikadhani nimebonyeza vibaya. Nikarudia kwa nguvu, kama kioo kinasikia nguvu ya kidole.

Na muda nao. Msimamizi wetu ana viatu vinavyolia akitembea, lakini siku nyingine anavaa vya mpira. Akitokea natupia simu chini ya shuka, swali likiwa wazi, nasimama naye nazungumzia madoa. Akiondoka nairudia simu, swali bado linasubiri. Sikujua kwamba lilikuwa linahesabu dakika.

Nilishuka mpaka tisa. Nikasema siachi kitu nimekiharibu, nitakirudisha nilipokikuta. Nikafanya mengine. Nane. Saba. Mikono ilikuwa inanitoka jasho mpaka kidole kinateleza. Wiki ya pili ikaisha niko ngazi ya tano, na njano imekuwa nyekundu.

Wakati wote huo Sisimizi alikuwa akifanya kazi zake jioni kama kawaida, maswali machache kuliko yangu ya mchana, lakini akaanza kulalamika. "Mama, leo kimeniletea maswali ya watoto. Tatu kujumlisha nne. Kinanitania?"

"Fanya unayopewa," nikamwambia.

Alhamisi meseji ya mwalimu ikaingia. Simu ilikuwa kwenye chaji, na aliyekuwa karibu nayo ni baba yake. Akaisoma kwa sauti, amesimama:

"Habari mzazi. Mwanao ameshuka kutoka ngazi ya kumi hadi ya tano ndani ya wiki mbili. Nilipomuuliza, amesema maswali hayo hakuyafanya yeye. Naomba mzungumze naye nyumbani kuhusu kusema ukweli. Kuanzia kesho atakaa meza ya kurudia misingi."

Baba yake ni mtu wa pampu, anajaza mafuta kwenye kituo. Hana makuu wala hapigi mtoto. Lakini uongo haupendi.

"Njoo hapa," akamwita. "Maswali haya kayafanya nani?"

"Sijui baba. Si mimi."

"Kayafanya paka?"

"Hatuna paka, baba."

"Usinijibu hivyo. Mashine haidanganyi. Mimi nasimama kwenye pampu mwaka wa tisa huu, namba ikitokea imetokea."

Siku nyingine ningemwambia awaulize wanaonunua hayo mafuta. Siku hiyo ulimi ulikuwa mzito kama shuka mbichi.

Mtoto akanigeukia. "Mama, mwambie. Mimi nakaa na simu jioni tu, tena mbele yako. Mchana si unakwenda nayo wewe kazini?"

Alikuwa amefika. Alikuwa amegonga mlango wenyewe, ilibaki nifungue. Nikasema, "Msikilize baba yako."

Maneno matatu. Nimeyarudia kichwani mara nyingi kuliko shuka nilizonyoosha.

Siku ya pili yake nikafanya jambo nililoona ni la akili. Nikaifuta programu kwenye simu. Nilidhani kazi zote zimo humo ndani, ukifuta zinaondoka, kama unavyofuta ubao. Nikapumua. Jioni mtoto akaniuliza imekwenda wapi, nikamwambia simu imejaa. Ijumaa hiyo hiyo ripoti ikaja kwa meseji ya kawaida, nyekundu ile ile, na chini yake: "Mwanafunzi hajafanya kazi ya leo." Kumbe simu yangu ilikuwa dirisha tu. Nyumba iko shuleni.

Wiki iliyofuata Sisimizi alikaa meza ya kurudia misingi. Sikuambiwa na mwalimu, niliambiwa na jirani, kwamba watoto wamempa jina jipya. Wanamwita Sikufanya. Akiingia darasani, "Sikufanya kaja." Kalamu ya mtu ikipotea, "Muulizeni Sikufanya, atasema hakufanya." Nyumbani hakusema lolote. Alikuwa anakula amekaa. Akimaliza anaosha sahani anakaa tena. Miaka kumi namwomba Mungu mtoto huyu atulie, na alipotulia nikashikwa na hofu. Nilikuwa naamka kwenye kiti naangalia simu, naiweka, naichukua, nafungua kundi lililofungwa, nasoma tena "mwenye swali aje shuleni", nalifunga. Kazini niliunguza shuka mbili. Redio akasema mchumba wa hesabu ameniacha.

Jumatano mtoto alikuja jikoni nikiwa napepeta mchele. Akasimama mlangoni.

"Mama."

"Naam."

"Mtu anaweza kufanya kitu halafu asikumbuke kabisa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Labda niliyafanya. Labda nayafanya halafu nasahau. Mwalimu anasema yameandikwa pale na jina langu. Na baba anasema mashine haidanganyi." Akajigusa paji la uso. "Labda nina ugonjwa."

Ungo ukanitoka mkononi, mchele ukamwagika, akainama kuokota punje moja moja. Nilimwangalia utosi. Kurudishwa darasa ndiko nilikokuwa naogopa, na hapa mtoto alikuwa ananirudishia akili yake mwenyewe, ananiuliza kama ni nzima. Hata hapo sikusema. Nilisema, "Huna ugonjwa," nikaishia hapo. Muoga hupanga kwa kesho.

Ila kesho yake sikwenda kazini. Nilikwenda shuleni nimevaa aproni ya dobi, kwa sababu nilitoka nyumbani kama mtu anayewahi zamu na nilijua nikirudi kubadili nguo sitatoka tena.

Mwalimu wa darasa alikuwa chumba cha walimu. Ni binti mdogo, anaweza kuwa mdogo wangu wa mwisho. Vishikwambi kumi vilikuwa vimepangwa dirishani, kila kimoja na waya wake, vinachajiwa. Alinipa kiti, nikakataa kukaa.

"Mwalimu, yale maswali ni mimi."

"Maswali yapi, mama?"

"Ya mwanangu. Yaliyomshusha. Nilikuwa nayafanya mimi kazini, kwa namba yake. Nilitaka kumpandisha. Nilisikia kumi wa mwisho watarudishwa."

Akachomoa kishikwambi kimoja, akabonyeza mara mbili tatu, akakaa anakitazama. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi.

"Saa saba na robo," akasoma. "Jumanne. Saa saba na dakika ishirini, Jumatano. Swali moja dakika kumi na moja." Akaniangalia. "Saa saba mtoto yuko hapa mbele yangu, mama. Na mimi sikuangalia saa. Niliangalia rangi."

"Kosa ni langu, mwalimu."

"La kwanza ni lako. La kumwita mwongo ni langu." Akakiweka chini. "Na hao kumi, mama, nilisema na walimu wenzangu pale nje kwamba watoto kumi watapata muda wa ziada. Kumi kwa sababu vishikwambi ni kumi. Kuna mtu alipita akasikia kumi tu."

Nikaomba aniruhusu niondoke, yeye amweleze mtoto. Akatikisa kichwa. "Hilo siwezi kukusaidia. Nitamwita."

Sisimizi aliingia akaniona, akaona aproni, akadhani kuna msiba. Ilibidi nianze na kumwambia kwamba wote ni wazima. Halafu nikamwambia. Sikupamba. Nilisema nilichukua namba yako, nikafanya maswali yako, nikakosea, ukalaumiwa wewe.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Hata baba aliponisema?"

"Hata hapo."

"Na jana jikoni?"

"Na jana."

Niliomba alie, nipate kazi ya kumfuta machozi. Hakulia. Akamgeukia mwalimu. "Kwa hiyo mimi sina ugonjwa."

"Huna," mwalimu akasema. "Na mimi nakuomba radhi. Nilikwambia unasema uongo, kumbe ulikuwa unasema kweli."

"Naweza kurudi meza yangu?"

"Unarudi leo. Lakini hiki," akaonyesha kishikwambi, "hakijui kuomba radhi. Kinajua maswali tu. Ukitaka kikupandishe itabidi ujibu."

Akajibu pale pale, amesimama, mguu mmoja unacheza. Maswali kumi. Nilimwona akifika kwenye nusu na theluthi, akachora duara hewani kwa kidole, akaligawa, akaandika tano juu sita chini. Kikaragosi kikapiga makofi. Mengine matatu alikosa, kwa papara. Aliishia ngazi ya nane. Ngazi ya tisa aliyokuwa nayo kabla sijaigusa hakuipata siku hiyo.

Mwalimu alikwenda naye darasani, nikawa nasikiliza nje. Aliwaambia watoto kwamba mwenzao alisema kweli na yeye mwalimu hakumsikiliza, na jina lile asilisikie tena. Jina halikufa siku hiyo. Lilichukua muda, na mpaka leo kuna mmoja au wawili wanalo.

Baba yake nilimwambia jioni, mbele ya mtoto. Alivua kofia ya kazi akaiweka mezani. Kisha akamwambia binti yake, "Nilikukosea." Mimi hakuniambia kitu kwa siku mbili, na alikuwa na haki.

Mtoto aliniitika "ndiyo mama" na "hapana mama" kwa karibu mwezi mzima. Hakuna utovu wa adabu ndani yake, ndiyo maana inauma. Ameanza tena kuzunguka meza akisoma, lakini nikiingia anafunga daftari. Namwacha.

Mwalimu alilifungua kundi, akaniuliza kama ninaweza kuwaandikia wazazi wengine. Nilisema sijui kuandika vizuri. Akasema andika hivyo hivyo. Basi wazazi wenzangu, haya ndiyo ya kuepuka:

Usifanye kazi ya mtoto kwa namba yake, hata swali moja, hata kama unalijua.

Usibandike namba ya siri nyuma ya daftari.

Usiulize uvumi kwenye kundi. Swali lako litasambazwa kama jibu.

Usiamini meseji kwa sababu imepita kwa watu wengi. Huenda ilianzia kwako.

Mwalimu akisema njoo shuleni, usibaki unaisoma hiyo meseji. Nenda.

Usidhani ukifuta programu kwenye simu umefuta na yaliyofanyika.

Usisome rangi peke yake kwenye ripoti. Uliza siku, uliza saa, uliza nani alikuwa na simu.

Usimwambie mtoto kwamba mashine haidanganyi.

Usinyamaze mtoto akiitwa mwongo kwa jambo ulilolifanya wewe. Sema siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kukuuliza kama yeye ni mzima.